Rathaus ya Hamburg: kwa nini meya anakaa kwenye jengo la vyumba 647

Ukifika Hamburg, Ujerumani, ukapanda ngazi kutoka kituo cha treni cha Rathaus (neno lenyewe maana yake jengo la serikali ya jiji), laini ya U3, ukatokea uwanjani juu, swali la kwanza linalokuja ni hawa jamaa wanafanya nini humu ndani. Jengo lina upana wa mita 111, mnara unafika mita 112, mbele kuna masanamu 20 ya wafalme na makaisari wa Kijerumani yamesimama katikati ya madirisha, na unaambiwa hii ni ofisi ya meya. Meya tu! Afu ukidadisi kidogo unaambiwa humohumo kuna bunge, kuna baraza la mawaziri, rais wa nchi nyingine akija Hamburg anapokelewa hapo, na chini kabisa kuna mgahawa. Wengi wanaishia kupiga picha nje na kwenda zao, mi naona wanapunjika, kwa sababu hili jengo ukishajua fundo lake limefungwa wapi unaweza kulielewa chumba kwa chumba, na kuna uzi mmoja wa hadithi yake unakuja mpaka Unguja.

Fundo lenyewe ni hili. Ujerumani ni shirikisho la majimbo 16, na Hamburg ni jimbo kamili. Haimo ndani ya jimbo lolote, jiji lenyewe ndo jimbo, kama ilivyo Berlin, na kama Bremen kwa namna yake (Bremen wao wana miji miwili ndani ya jimbo moja, Bremen na Bremerhaven, mambo yao yana kona zaidi, tuwaache). Katiba ya Hamburg kifungu cha 4 inasema wazi kwamba shughuli za dola na shughuli za manispaa hazitenganishwi. Kwa hiyo serikali inayohangaika na takataka na barabara za mitaani ndo hiyohiyo yenye polisi wake, mahakama zake, shule zake, na kura 3 kwenye baraza la majimbo kule Berlin. Mkenya atasema mbona hata Nairobi ni jiji na ni kaunti kwa mpigo, sawa, inakaribia, ila gavana wa Nairobi hana polisi wala mahakama, na hapo ndo njia zinapoachana.

Sasa vyeo. Anayeitwa Meya wa Kwanza ni mstahiki meya na papo hapo ni mkuu wa serikali ya jimbo, hadhi moja na mkuu wa serikali ya jimbo la Bavaria. Olaf Scholz alikikalia kiti hicho toka 2011 mpaka 2018 kabla hajaenda kuwa waziri wa fedha na baadae kansela, kwa hiyo huu sio umeya wa kukata utepe. Kinachowachanganya wageni zaidi ni Seneti, maana ukisikia seneti unawaza bunge la juu kama la Marekani au Kenya, kumbe Seneti ya Hamburg ni baraza la mawaziri na kila seneta ana wizara yake. Bunge ni Bürgerschaft, wajumbe wasiopungua 121, wanachaguliwa kila baada ya miaka 5. Na mpaka mageuzi ya katiba ya 1996, meya alikuwa anachaguliwa na maseneta wenzake, hana ubavu wa kuteua seneta wala kumtimua, anaongoza kikao tu. Nguvu ya kupanga safu yake mwenyewe ni kitu kipya kabisa kwenye mji huu, na sababu yake ni ya zamani sana: hawa watu hawakuwahi kupenda mtu mmoja awe juu ya wengine.

Kila mwaka karibu na tarehe 7 Mei Hamburg inasherehekea siku ya kuzaliwa bandari yake, kwamba siku hiyo mwaka 1189 Kaisari Friedrich Barbarossa aliwapa haki ya kupitisha meli mto Elbe mpaka baharini, zaidi ya kilomita 100, bila kulipa ushuru. Hati ipo. Shida ni kwamba ni feki, iliandikwa miongo kadhaa baadae karne ya 13, na wenyewe wanajua, na sherehe zinaendelea vilevile, meli kibao na fataki juu. Mi hili linanifurahisha kuliko kama hati ingekuwa halali, maana linakuonyesha akili ya mji: uhuru wao haukuletwa na vita, umeletwa na makaratasi, mikataba na kujua nani wa kumlipa. Mwaka 1510 bunge la dola ya Kaisari huko Augsburg likawatambua kuwa mji huru wa Kaisari, ila mfalme wa Denmark akaendelea kudai Hamburg ni yake na hakukubali kwa maandishi mpaka 1768. Napoleon akauchukua mji ukawa Ufaransa kutoka 1811 hadi 1814. Afu ukarudi kuwa dola inayojitegemea, na hata ulipoingia kwenye himaya ya Ujerumani mwaka 1871 uliingia kama jimbo, ukajivuta mpaka 1888 ndo ukakubali kuingia kwenye eneo la pamoja la ushuru wa forodha, na bado wakadai wabakiziwe bandari huru. Yale maghala mekundu ya Speicherstadt ambayo watalii wanayapenda yalijengwa kwa ajili hiyo, na kuyapisha waliondolewa watu karibu 20,000 waliokuwa wanaishi pale. Jirani yao Lübeck, mji huru toka 1226, ulifutiwa ujimbo na Wanazi mwaka 1937, wakaenda mpaka mahakama ya katiba wakashindwa 1956. Sheria ileile ya 1937 iliyoimaliza Lübeck iliipa Hamburg Altona na miji mingine ya jirani, mji ukapanuka. Bahati nayo ni siasa.

Rudi kwenye jengo sasa. Linaonekana la kale, watu wengi wanadhani ni la zama za kati, lakini lilianza kujengwa 1886 na kufunguliwa tarehe 26 Oktoba 1897. Lile la zamani lilikuwa karibu na daraja la Trostbrücke, na lililipuliwa kwa baruti na wenyewe! Mei 1842 moto mkubwa uliwaka siku kadhaa, wakaona wakilibomoa jengo la serikali moto utakosa pa kurukia, wakalilipua, na moto ukapita tu. Kwa miaka 55 baada ya hapo mji tajiri kuliko karibu yote ya Ujerumani haukuwa na makao ya maana, Seneti ikahamia kwenye jengo lililokuwa la kulelea yatima, bunge likaja kukalia jengo la jumuiya moja ya raia wa mji lililojengwa palepale kwenye kiwanja cha jengo lililolipuliwa. Walikuwa wanagombana kuhusu ramani na gharama, mashindano ya wasanifu yakafanyika, hakuna kilichotoka, mwisho wasanifu 7 wakiongozwa na Martin Haller wakaungana na kuleta ramani ya pamoja. Ardhi yenyewe ni tope tupu, kwa hiyo chini yake kuna magogo ya mwaloni kama 4,000 yamepigiliwa, na bili ya mwisho ikafika marki milioni 11 za dhahabu.

Kuhusu vile vyumba 647, usiape. Mwaka 1971 mfanyakazi alikuwa anatafuta karatasi iliyodondoka nyuma ya kabati la mafaili, wakalisogeza kabati wakakuta chumba kwenye mnara ambacho hakuna aliyekuwa anakikumbuka. Ndo maana ukimuuliza muongozaji idadi anakupa namba huku anatabasamu.

Ukiingia mlango mkuu unakutana na ukumbi wa nguzo nene za mawe zenye sura za watu mashuhuri wa Hamburg, na hapa ndo ile hadithi ya jiji na jimbo unaiona kwa macho. Kuna ngazi mbili. Ya kushoto inakwenda kwa bunge, ya kulia kwa Seneti. Wabunge wana upande wao na mawaziri wana upande wao, wanakutana katikati kwenye kumbi za sherehe, na nyuma ya jengo, ukivuka ua, kuna Börse, soko la mitaji na nyumba ya chemba ya biashara, lililofunguliwa 1841 na kuponea chupuchupu ule moto. Yaani bunge, serikali na wafanyabiashara wamegusana migongo. Hiyo sio ajali ya ramani. Kwa karne nyingi walikuwa watu walewale.

Chumba ambacho mi ningekaa dakika nyingi kuliko vyote ni kile Seneti inapofanyia vikao. Hakina dirisha hata moja. Mwanga wote unashuka kutoka juu, kwenye paa la kioo, kwa sababu mila ya zamani ya Kijerumani ilitaka baraza likae chini ya anga wazi, basi wao wakaweka anga ndani ya nyumba. Jirani kuna ukumbi wa mnara wenye michoro ya Athens, Roma, Venice na Amsterdam, dola nne ambazo wafanyabiashara wa hapa walijiona ndugu zao. Kuna chumba cha yatima pia, mbao zake zimechongwa nakshi ya mikono kwa miaka 5 na vijana wapatao 80 waliolelewa kwenye nyumba ya yatima ya mji. Ukikumbuka serikali hii ilihamia kwenye jengo la yatima baada ya moto, unaitazama ile nakshi kwa jicho lingine kidogo.

Afu kuna habari za ngazi. Mila inasema mgeni rasmi, hata awe mfalme, meya hashuki kumpokea mlangoni, anamsubiri juu ya ngazi za Seneti, mgeni apande mwenyewe. Kuna mila ndugu yake kwamba seneta wa Hamburg hapokei nishani kutoka kwa mtawala wa nje, na Helmut Schmidt aliyewahi kuwa seneta hapa kabla ya ukansela alikataa nishani ya taifa ya Ujerumani kwa hoja hiyo. Na kwenye ukumbi mkubwa, ule wenye michoro mikubwa ya Hugo Vogel, wanasimulia kwamba kwenye picha ya Ukristo unavyoingia Hamburg kulikuwa na kijana amepiga magoti, maseneta wakasema futa, mtu wa Hamburg hampigii mtu magoti, akapakwa rangi akapotea. Wakati huohuo mbele ya jengo wamewaweka makaisari 20, na ukumbi mmoja wameuita wa Kaisari kwa sababu Wilhelm II alikuja 1895 wakati wa sherehe za mfereji wa Kiel, jengo halijaisha hata. Ukitaka kuona kiburi na kujipendekeza vimeishi nyumba moja bila kugombana, njoo hapa.

Juu ya mlango kuna maneno ya Kilatini, maana yake uhuru ambao mababu waliupata, vizazi vijavyo vijitahidi kuutunza kwa heshima. Hapo nakuomba usimame kidogo ujiulize uhuru wa nani. Jengo linafunguliwa 1897, mwaka uleule mgomo wa bandari uliisha kwa makuli kushindwa, wiki 11 za baridi kali, watu zaidi ya 16,000 wamegoma. Hao makuli wengi wao hawakuwa na kura ya kuchagua bunge la humu ndani. Ili upige kura ulihitaji uraia wa mji, na kwa sheria ya 1896 ulitakiwa uwe umelipa kodi ya kipato cha marki 1,200 kwa mwaka, miaka 5 mfululizo. Hata ukiupata, nusu tu ya viti 160 ndo vilikuwa vya wapiga kura wa kawaida, 40 vilikuwa vya wenye nyumba na viwanja, na 40 vya wazee wa mji waliowahi kushika vyeo. Maseneta walikuwa wa maisha. Mwaka 1901 akaingia mjumbe wa kwanza wa chama cha wafanyakazi, Otto Stolten, wengine wakaanza kumfuata, na mabwana wakubwa walipoona mlango unafunguka wakabadilisha sheria 1906 wakagawa wapiga kura kwa kipato, kukawa na vurugu mitaani. Uchaguzi wa watu wote, wanawake kwa wanaume, ulikuja Machi 1919, na Stolten huyohuyo akawa meya wa pili. Miaka 14 baadae Wanazi wakalifunga bunge, na uwanja wa mbele ukaitwa jina la Hitler mpaka 1945, maneno ya uhuru yakiwa palepale juu ya mlango.

Lakini gharama ya kutawaliwa na wachache iko wazi zaidi uani kuliko mlangoni. Pale kati kuna chemchemi ya mapambo na juu yake amesimama mwanamke, Hygieia, mungu wa afya wa Wagiriki, chini ya miguu yake kuna joka. Mwanzo ilipangwa pale awekwe Mercury, mungu wa biashara, jambo ambalo lingekuwa sawa kabisa na tabia ya mji. Kilichobadilisha ni kipindupindu cha Agosti 1892. Ndani ya wiki chache walikufa zaidi ya watu 8,500. Mji ulikuwa unavuta maji ya Elbe na kuyapeleka majumbani bila kuchuja, mto uleule unaopokea majitaka, na mjadala wa kujenga machujio ya mchanga ulikuwa umeshapigwa danadana miaka na miaka kwa sababu wenye nyumba hawakutaka gharama iwaangukie wao. Ugonjwa ulipoingia, wakubwa walichelewa kutangaza, maana bandari ikishatangazwa ina kipindupindu, meli zake hazipokelewi popote. Robert Koch, daktari bingwa wa bakteria, aliletwa kutoka Berlin, akapitishwa kwenye vichochoro vya maskini, na inaelezwa alisema mabwana, nasahau kama niko Ulaya.

Ushahidi ulikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Altona, mji wa pili ulioungana na Hamburg nyumba kwa nyumba, ulikuwa chini ya ufalme wa Prusia wakati ule. Nao walikunywa maji ya Elbe, tena waliyachota chini zaidi mtoni, yakiwa yameshapita kwenye uchafu wote wa Hamburg, ila wao waliyachuja kwenye mchanga. Kwenye mitaa ya mpakani nyumba za upande wa Hamburg watu wanakufa, nyumba za kuvuka barabara upande wa Altona wazima. Wanasayansi waliokuwa bado wanabisha kwamba kipindupindu hakiletwi na maji wakaishiwa hoja. Hamburg ikamaliza machujio yake 1893 haraka haraka, na waliokuwa wanajenga Rathaus wakamuweka Hygieia. Tena chemchemi ile ilipewa kazi, hewa ya kupoza jengo ilivutwa kupitia hapo.

Huo uzi wa Unguja ni huu. Kampuni ya William O'Swald ya Hamburg ilifungua tawi Zanzibar mwaka 1849, ikafuatwa na kampuni nyingine ya Hamburg, Hansing. Biashara yao ya kwanza iliyowatajirisha ilikuwa kauri, hawa kauri wa pwani yetu ambao watoto wanachezea bao, walikusanywa kwa magunia wakapakiwa melini, wakazungushwa rasi ya Afrika Kusini mpaka Afrika Magharibi ambako kauri zilikuwa pesa, zikanunua mafuta ya mawese, mafuta yakaenda Hamburg. Hapo faida inapatikana mara mbili kwenye safari moja. Na mwaka 1859 ukasainiwa mkataba wa biashara kati ya Sultani Majid wa Zanzibar na, soma vizuri, sio Ujerumani, Ujerumani haikuwepo bado, bali miji mitatu: Lübeck, Bremen na Hamburg. Miji inasaini mkataba na sultani kama dola kwa dola. Kama mtu bado haelewi kwa nini ofisi ya meya iko kama ikulu, mkataba huu unatosha. Na wala ukoo wa O'Swald haukubaki kwenye maghala, William Henry O'Swald aliyewahi kukaa Zanzibar akaja kuwa seneta na baadae meya wa pili wa Hamburg, yaani faida ya kauri ilikuwa na kiti chini ya lile paa la kioo.

Kwa njia hiyohiyo ya biashara ndo Bibi Salme, dada yake Sultani Majid kwa baba, alimfahamu Heinrich Ruete wa Hansing, akatoroka Unguja 1866, wakaoana Aden mwaka uliofuata na kuhamia Hamburg. Mumewe alifariki 1870 kwa ajali ya tramu. Salme alifariki 1924 na amezikwa Ohlsdorf, makaburi makubwa ya Hamburg. Baada ya biashara ikaja himaya: 1890 ikaanzishwa hapa kampuni ya meli ya Afrika Mashariki, Deutsche Ost-Afrika-Linie, na 1908 taasisi ya kikoloni ambako maofisa walifundishwa Kiswahili kabla ya kuja kututawala. Leo Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada toka 2010, mambo ya afya, taka na vijana kubadilishana ziara. Historia hii yote ya kauri na sultani kwenye ziara ya kawaida ya Rathaus huisikii kama hujauliza, kwa hiyo uliza.

Kuhusu kuingia, ukumbi wa nguzo hulipii, unaingia tu mchana kama kuna mtu mlangoni hajakuzuia. Vyumba vya juu lazima uende na muongozaji, kuna ziara za Kijerumani na za lugha nyingine pia, tiketi unanunua palepale ukumbini, na ukifika mapema asubuhi foleni ni ndogo. Bunge kwa kawaida hukaa Jumatano na kuna roshani ya wananchi, unajiandikisha kabla. Jumanne ni siku ya Seneti. Ukikuta ziara zimesitishwa, na hutokea kila kunapokuwa na mgeni wa taifa au shughuli kubwa, usiondoke kwa hasira, zunguka uingie uani kwa Hygieia, tafuta lile joka miguuni pake, afu tembea mpaka Große Reichenstraße ukalitazame Afrikahaus la 1899, lililojengwa kuwa makao ya kampuni ya biashara na meli ya Woermann, lina ndovu wawili wa chuma uani, na humo nako maswali hayataisha.